Kiangazi cha Kivu: wapi pa kuogelea, wapi pa kuogopa

NI Jumamosi ya mwezi wa Saba, saa nne asubuhi, na ufukwe wa Gisenyi umeshajaa. Kiangazi kimekolea. Vumbi limelala juu ya majani na mlima Nyiragongo umejificha nyuma ya ukungu mkavu. Vijana wanashindana kupiga mbizi, watoto wa shule wanarushiana maji, na akina mama waliorudi kutoka mpakani wameweka vikapu vitupu mchangani, wanaosha miguu kabla ya kupanda kwenda nyumbani.

Mimi nimesimama na viatu mkononi. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 9, ananivuta kitenge.

“Shangazi, ulisema kiangazi hiki.”

Ni kweli nilisema. Nilisema hivyo hivyo kiangazi cha mwaka uliopita, na cha mwaka juzi.

Julai 1994 nilikuwa na umri kama wake. Tulivuka mpaka hapa hapa Gisenyi: mama, kaka yangu, mimi na mdogo wetu wa miaka 3. Tukaishia Mugunga, magharibi ya Goma. Ardhi ya kule ni mawe ya volkano matupu. Kuchimba kisima ni shida, kuchimba choo ni shida, na hata kaburi ni shida. Maji yalikuwa ya ziwa, na tulichota pale pale watu walipofua, walipooga na walipojisaidia. Kipindupindu na kuhara damu vilipoingia kambini, watu wanaokadiriwa kufika 50,000 walikufa katika muda wa mwezi mmoja hivi. Mdogo wetu alikuwa mmoja wao. Alikwenda kwa siku mbili tu, na bidoni la njano nililolichota mimi lilikuwa pembeni yake, bado limejaa nusu.

Tuliporudi Novemba 1996, katika ule msururu wa watu uliojaza barabara kutoka Goma, mama alipita kando ya ziwa akitazama upande wa pili. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu Kivu ni la kutazamwa kwa mbali.

Naandika haya kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake. Waliorudi kutoka kambi za Congo wana habari zinazofanana na yangu. Waliorudi kutoka Ngara kule Tanzania, au waliokulia Uganda, wamekuja na hofu nyingine: mamba, viboko, kichocho. Nao wafanyabiashara wanaovuka kila siku hawana muda wa kukaa ufukweni; wakimaliza kuuza, jua limeshazama. Matokeo yake ni kwamba watoto wetu wanakua hatua chache kutoka kwenye maji bila mtu mzima wa kuwafundisha. Wanajifundisha wenyewe, kwa kificho, mahali ambapo hakuna mtu anayewaona. Mtoto wa namna hiyo ndiye anayezama.

Basi kabla ya kumshika mkono huyu wangu, niliamua kufanya kazi yangu ya uandishi. Niliuliza wavuvi, niliuliza wauguzi, nilisoma nilichoweza kusoma, na nilikumbuka asubuhi moja ya Keshero ambayo sitaisahau.

Mamba hayupo, mazuku yupo

Nianze na habari njema. Katika Kivu hakuna mamba. Anayetoka maeneo ya Tanganyika au ya Akagera hushangaa kuona watoto wakioga jioni bila mtu kushika doria, lakini ndivyo ilivyo. Maji yenyewe ni baridi kiasi, kwa kuwa ziwa liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi ndicho kipindi ambacho mito haimwagi matope mengi. Ukisimama kwenye maji ya kifuani mahali pasafi, unaona vidole vyako vya miguu.

Habari mbaya ina jina la Kiswahili, na wataalamu wa volkano duniani kote wamelichukua jina hilo kwetu: mazuku.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya mlipuko wa Mei 22, 2021, nilikwenda Goma kuandika habari za wanawake wanaouza sambaza. Nililala kwa rafiki yangu Keshero. Alfajiri, kabla jua halijatoka, tukateremka kwenda kuoga ziwani kwenye kijighuba kidogo kati ya mawe meusi. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Rafiki yangu alitangulia kwenye shimo dogo kando ya maji, akainama kufungua kamba za viatu.

Mzee mmoja aliyekuwa anakunja nyavu juu ya jabali akapiga kelele: “Mama, simama! Usiiname! Uko kuko mazuku!”

Rafiki yangu aliinua kichwa, akacheka, akataka kujibu. Jibu halikutoka. Niliona magoti yake yakilegea kama ya mtu mlevi. Mimi nilikuwa nimeshainua mguu kumfuata. Mzee akanifokea nisimame hapo hapo. Alimnyooshea kasia lake refu kutoka juu, akamwambia ashike kwa mikono miwili, akamvuta kama anavyovuta samaki mzito. Alipofika juu alitapika, kichwa kikamwuma hadi adhuhuri, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake.

Baadaye mzee alituonyesha. Aliwasha kipande cha karatasi mwishoni mwa fito, akakishusha polepole shimoni. Usawa wa kiuno changu, moto ukazimika ghafla kama mtu ameupuliza. Chini kabisa palikuwa na ndege mdogo amekufa, mijusi miwili, na nzi wengi wasiohesabika, wote wakiwa wazima wa mwili, bila jeraha.

Kinachoua pale ni hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani, lakini kwa wingi mkubwa. Inapanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haiendi juu. Inakaa kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji yanavyokaa kwenye bakuli. Haina rangi, wala huwezi kuitegemea pua yako ikuonye. Ikifika sehemu 10 kwa 100 ya hewa unayovuta, unaweza kuzimia upesi. Ikifika 30, pumzi chache zinatosha.

Ndiyo maana mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama huku mtoto aliyeshikwa mkono anakufa, na mbwa hufa kabla ya mtoto. Ndiyo maana kuinama ni hatari. Na ndiyo maana wanaokimbilia kuokoa hulala juu ya yule waliyemfuata. Usiteremke. Tumia kamba, fito, kasia, chochote cha kumvutia kutoka juu.

Mazuku mengi yanajulikana upande wa Goma, kuanzia mitaa ya magharibi kuelekea Sake, na baadhi yako ukingoni kabisa mwa ziwa. Mengine yamewekewa alama za onyo, mengine hayana. Usiku na alfajiri, wakati hewa imetulia, ndipo yanapojaa. Jua likichomoza na upepo ukianza kuvuma, mengi hupungua nguvu. Kwa hiyo kanuni ya mzee yule naiandika kama alivyotupa: katika nchi ya mawe meusi usiogelee kabla jua halijapanda, usiingie kwenye shimo, na ukiona wadudu wamekufa mahali pamoja, rudi kwa njia uliyojia.

Kuhusu Goma yenyewe, wasomaji wangu wanaovuka mnaijua hali kuliko mimi. Tangu mji ulipoingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025 mengi yamebadilika, na masharti ya kuvuka ni ya kuuliza mpakani siku ile ile. Lakini volkano haina habari na nani anatawala. Mazuku yako pale pale.

Gesi iliyo chini

Swali ninaloulizwa zaidi na waliorudi ni jingine: je, si kweli kwamba ziwa lote lina gesi na siku moja litalipuka na sisi ndani yake?

Gesi ipo. Chini ya Kivu, ziwa lenye kina cha karibu mita 480, kuna takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zimeyeyuka ndani ya maji kama gesi ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Kifuniko cha chupa hiyo ni uzito wa maji ya juu. Watu wanaogopa kwa sababu Agosti 1986 ziwa Nyos la Cameroon, dogo sana kuliko Kivu, lilitoa gesi yake usiku mmoja na kuua zaidi ya watu 1,700. Hofu hiyo si ya kijinga. Serikali na wataalamu wanaifuatilia, na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi unavuta methani hiyo na kuzalisha megawati 26 za umeme.

Lakini muogeleaji haguswi na gesi hiyo. Sehemu kubwa imefungwa chini sana, mamia ya mita, mahali ambapo hakuna binadamu anayepiga mbizi. Maji ya juu tunayooga yanachanganyika na hewa, hasa katika kiangazi hiki hiki chenye pepo kavu. Mahali pa kuwa na tahadhari ya pekee ni ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, ambako maji yaliyojaa hewa ya ukaa yanaanza kwa kina kidogo sana. Huko mimi siendi kuoga, na sikushauri uende.

Kinachoua bila kelele

Tumezungumza mazuku na gesi kwa kuwa ni mambo ya ajabu, na mambo ya ajabu yanauza magazeti. Wavuvi wa Rubavu, kila nilipowauliza wanaogopa nini kwa ajili ya watoto wao, walitaja kitu cha kawaida: ukingo.

Kivu ni bonde lililojaa maji. Mahali pengi unatembea hatua kumi maji yakiwa ya kiunoni, hatua ya kumi na moja hakuna ardhi. Mtu asiyejua kuogelea haanguki kwa kishindo. Anapotea tu, na wanaocheza karibu naye wanadhani amepiga mbizi.

Mvuvi mmoja alinifundisha kusoma maji kabla ya kuyaingia. Simama juu kidogo uangalie rangi. Pale kijani hafifu au rangi ya mchanga inapogeuka ghafla kuwa buluu nzito, ndipo sakafu inapoishia. Weka mpaka wako nusu ya umbali huo, na ukiogelea, ogelea sambamba na pwani, usielekee Idjwi. Nilicheka aliposema Idjwi. Yeye hakucheka. Alisema kila mwaka kuna kijana mwenye bia kichwani anayetaka kuonyesha kwamba anaweza.

Aliongeza habari ya upepo. Asubuhi ya kiangazi ziwa mara nyingi limelala. Mchana linaamka, na wimbi fupi la Kivu linachosha mikono upesi kuliko mtu anavyotarajia. Kwa hiyo kati ya mazuku ya alfajiri na upepo wa alasiri, saa nzuri kwa familia ni kuanzia saa tatu hadi saa sita. Nami nikaongeza langu: epuka mlango wa mto. Sebeya, ule mto uliofurika Mei 2023 na kubomoa nyumba nyingi hapa Rubavu, unaingia ziwani na uchafu wa bonde zima, hata katika miezi hii ambayo unaonekana mpole.

Kuhusu kichocho, utasikia watu wakiapa kwamba Kivu halina. Msikubali haraka. Mwaka 2010 watafiti waliandika kwamba kisiwa cha Nkombo, kusini mwa ziwa hili, ndicho chenye kichocho cha tumbo kuliko sehemu nyingine zote za Rwanda. Mdudu wake anakaa kwenye konokono wa maji, na konokono anapenda maji yaliyotuama yenye majani, karibu na mahali watu wanapojisaidia. Kwenye mchanga wazi au mwamba unaopigwa na mawimbi hatari inapungua. Ukitoka majini jifute kwa nguvu mara moja, usikauke kwa jua. Na kama mtoto analalamika tumbo au ana damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya umweleze mganga kwamba anaoga ziwani. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, nayo inafanya kazi.

Mahali ninapopajua

Ufukwe wa mji wa Gisenyi, mchana, ni mahali pa kuanzia. Una mchanga, una watu wengi, na watu wengi ni macho mengi. Ubaya wake ni kelele na vijana wanaouza maneno zaidi ya mishikaki.

Kilomita chache kusini, Nyamyumba, kuna chemchemi za maji moto pembeni kabisa mwa ziwa. Maji yanatoka ardhini ya moto wa kuunguza, kwa hiyo shika mtoto mkono hadi uone mahali yanapochanganyika na ya ziwa. Hapo katikati ndipo utamu ulipo. Wazee wenye magoti mabovu hukaa pale saa nzima bila kusema neno. Nilimkuta mama mmoja, mfanyabiashara wa mboga wa miaka mingi, aliyeniambia kwamba mgongo wake umebeba viazi tangu ujana na hii ndiyo likizo pekee anayoijua.

Lakini moyo wangu uko Kibuye, ambayo tangu mageuzi ya wilaya ya mwaka 2006 imo ndani ya Karongi. Huko uko mbali na mawe meusi ya Nyiragongo, vighuba ni vingi, na maji yake ni masafi kuliko ya kwetu. Unaweza kukodi mtumbwi hadi kwenye visiwa vidogo. Dai jaketi ya kuelea kabla ya kulipa; ukiambiwa zimekwisha, pesa irudi mfukoni. Jioni utawaona wavuvi wa sambaza wakitoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa fito ndefu, wakiimba kwa kasia. Samaki yule si mwenyeji. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Naye ni mrudi wa namna yake, ingawa hakuombwa karatasi.

Anayefanya biashara upande wa Uganda kupitia Gatuna, mpaka uliofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022, asipite Kabale bila kuona Bunyonyi. Hakuna mamba wala viboko. Ila kina chake ni kirefu na kinaanza karibu na nchi kavu, kwa hiyo ile kanuni ya ukingo inakufuata hadi huko.

Na kwa wale wa upande wa pili: maziwa ya Akagera, kama Ihema, si ya kuogelea hata kidogo, yana mamba na viboko. Bujumbura watu wanaoga kwenye fukwe za Tanganyika miaka yote, lakini karibu na mdomo wa Rusizi, na popote jioni, mimi nitabaki mchangani.

Bidoni

Turudi kwenye ile Jumamosi. Sikusema kwamba mama alikuwepo.

Hakualikwa. Aliposikia namchukua mjukuu wake ziwani alivaa viatu bila kuniambia neno, akachukua maji ya kunywa aliyoyachemsha nyumbani, akatufuata. Ufukweni alikaa hatua ishirini kutoka majini, chini ya mti, mgongo kwa ziwa. Ana miaka 68.

Nilikuwa nimekuja na bidoni tupu la lita 5, la njano, na kamba ya katani. Watoto wa huku wengi wanajifunzia hivyo: bidoni lililofungwa kifuniko vizuri linafungwa kifuani na linamwinua mtoto. Si mbadala wa jaketi ya kuelea, na mtu mzima lazima awe karibu kiasi cha mkono. Nililifunga. Likateleza. Nikafunga tena, mikono yangu ikitetemeka kwa sababu ambazo mtoto hakuzijua.

“Shangazi, linatoka.”

Kivuli kikatuangukia. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu. Alilitazama lile bidoni kwa muda, akafungua kifuniko, akanusa ndani, akakikaza tena hadi kikalia.

“Leta kamba,” akaniambia. “Wewe hujawahi kujua kufunga kitu.”

Alifunga mafundo mawili mgongoni na moja begani, kama anavyofunga mzigo wa mkaa. Akavuta kila fundo. Kisha akamwambia mjukuu wake asivuke pale nilipo mimi, na mimi akaniambia nisivuke pale maji yanapobadilika rangi.

Tuliingia. Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyokumbuka. Mtoto alipiga miguu, akameza maji, akakohoa, akacheka, akapiga tena. Saa sita kasoro upepo ulianza kusukuma mawimbi madogo, nikageuka kumwambia inatosha. Mama alikuwa bado amesimama ukingoni, sketi ameikunja kwa mkono mmoja, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, na macho yake hayakutoka kwenye lile bidoni.